Wabunifu majengo mnaouza mihuri, mnajua mnachokifanya?

Wakuu, nina hasira na sitaificha.

Kuna mteja nilimchorea nyumba ya ghorofa moja kule Goba. Kiwanja kina mteremko mkali, kwa hiyo sebule niliishusha ngazi tatu ifuate ardhi, na ukuta wa nyuma nikaufanya wa kuzuia udongo. Wiki iliyopita fundi mmoja tunayefahamiana akanirushia picha za saiti Kigamboni. Nyumba yangu ile ile! Kiwanja ni tambarare, mchanga mtupu, na wamechimba shimo ili ngazi tatu zipatikane kama ramani inavyosema. Masika ikija maji yote yataishia sebuleni, na mwenye nyumba hana habari.

Nikaomba picha ya ramani yenyewe. Jina la ofisi yangu limefutwa, limebandikwa jingine, na chini kuna mhuri wa mbunifu aliyesajiliwa. Mchoro wa mkato, ule unaoonyesha nyumba kama imepasuliwa katikati, bado unaonyesha mteremko wa Goba! Aliyegonga mhuri hakufungua hata karatasi hiyo. Kalipwa, kagonga, basi.

Wizi wenyewe una sheria yake. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda kazi za usanifu majengo. Mteja akilipia ramani amelipia kujenga nyumba yake, hajanunua ruhusa ya kuisambaza kwenye magrupu ya WhatsApp iuzwe kama maandazi.

Ila kinachoniuma zaidi ni mhuri. Kijana wa stesheneri mwenye kompyuta anaweza kufuta jina langu, lakini kibali cha ujenzi hakipati bila ninyi. Bodi ya usajili wa wabunifu majengo imewasajili ili mtu asiyejua kusoma ramani alale akiamini kuna anayejua ameshaisoma kwa niaba yake. Mnaiuza imani hiyo kwa hela ya vocha! Machi 2013 jengo la mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka, watu 36 wakafa. Novemba 2024 tukafukua vifusi tena Kariakoo. Sisemi chanzo kilikuwa mihuri ya kuuzwa. Nasema baada ya kuyaona hayo, mbunifu anapata wapi ujasiri wa kusaini asichokisoma?

Mwenye nyumba nimempigia, mwanzoni akadhani nataka hela. Sasa amesimamisha mafundi. Malalamiko ya maandishi yanakwenda Bodi na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, pamoja na mafaili yangu ya awali yenye tarehe. Aliyewahi kufikisha shauri la ramani mpaka mwisho aje aniambie alianzia wapi na walimdai vielelezo gani.