Gemu za ekshen za mtindo wa zamani na zilizoundwa upya: i5 ya zamani itazibeba? Na kwa nini mruko unachelewa kwenye TV?

banda_kirumba:

Wakuu habari zenu, wakubwa shikamooni. Nafungua banda la gemu hapa Kirumba, Mwanza. Mpira kila banda linao, mimi nataka kona ya ekshen: Contra, Metal Slug, Streets of Rage, Resident Evil. Zile za enzi za kaseti, pamoja na hizi mpya zilizochorwa kwa mtindo uleule au kuundwa upya.

Vifaa: Dell OptiPlex 9020 ile nyembamba, i5-4590, RAM GB 8 kijiti kimoja, haina kadi ya picha, Windows 10. TV inchi 32 ya HDMI. Padi mbili za USB za bei nafuu. Sauti inatoka kwenye sabufa kwa Bluetooth.

Matatizo ni haya. Ukibonyeza kuruka, mtu anaruka umeshakufa. Picha ya gemu za kaseti imetanuka, sura zote zimenenepa, na juu pale kwenye idadi ya maisha pamekatwa. Padi zinafanya kazi kwenye RetroArch (programu ninayochezea gemu za kaseti), ila nikifungua Streets of Rage 4 hazionekani kabisa. Halafu naomba ushauri ninunue zipi kwanza, na kama Resident Evil 2 ile mpya nijaribu au niache.

fundi_pasiansi:

Karibu mkuu. Anza na TV, kompyuta usiiguse kwanza. Gemu hizi zinakwenda fremu (yaani picha) 60 kwa sekunde, maana yake fremu moja ni kama milisekunde 16.7. TV iliyoachwa kwenye picha ya kawaida au ya sinema haionyeshi picha ikiipokea tu; inaisafisha na kuilainisha kwanza. Milisekunde 100 zinaweza kupotea hapo, na hizo ni fremu sita. Kwenye Contra fremu sita ndizo zinazotenganisha kuikwepa risasi na kuila.

Ingia menyu ya picha uweke "Game Mode". Kama haipo, tafuta mahali pa kubadilisha jina la HDMI uandike "PC"; kwenye TV nyingi jina hilo peke yake linazima usafishaji. Zima pia kulainisha mwendo, kupunguza chenga na kuongeza ukali wa picha. Tafuta "Just Scan" au "Screen Fit" uiwashe. Hiyo ndiyo itakayorudisha ile sehemu ya juu iliyokatwa, kwa sababu TV hukata kingo zote nne hadi uikataze.

Kuhusu kutanuka: gemu za kaseti zilitengenezwa kwa kioo cha 4:3 na TV yako ni 16:9. Kwenye RetroArch nenda Settings, Video, Scaling, weka uwiano wa 4:3 au "Core Provided", kisha washa "Integer Scale". Halafu angalia kioo chako. TV nyingi za inchi 32 zina kioo cha 1366x768, kwa hiyo ukiipelekea 1080 inaibana na ukiipelekea 720 inaivuta, na vyote viwili vinatia ukungu. Jaribu kuiweka Windows kwenye 1366x768 au 1360x768. Picha ya NES (mashine ya kaseti ya Nintendo) ina mistari 240. Mara tatu ni 720, unabaki na mistari 24 myeusi juu na 24 chini. Mega Drive (ya Sega) ni 224, mara tatu ni 672, weusi unakuwa 48 na 48. Usiuonee vibaya huo weusi. Bila hiyo hesabu kamili, pikseli moja inakuwa nene kuliko jirani yake, na uwanja ukianza kusogea kando utaona picha inatetemeka.

Baada ya TV ndipo uje kwenye "Run-Ahead", ipo Settings, Latency. Gemu nyingi za zamani zenyewe zilikuwa na fremu moja au mbili za kuchelewa ndani yake, na hii inaziondoa. Pima hivi: fungua gemu, bonyeza P isimame, shikilia kitufe cha kuruka bila kuachia, kisha bonyeza K mojamoja ukihesabu. Mtu akisogea kwenye K ya tatu, weka 2. Akisogea kwenye ya pili, weka 1. Usizidishe. Ukizidisha, mwanzo wa mruko unaliwa na mtu anaonekana ghafla yuko hewani. Pima kila gemu kivyake, usiweke namba moja kwa zote.

Na sabufa ichomoe kwenye Bluetooth leo hii. Sauti ya Bluetooth hufika imechelewa waziwazi, sikio linakudanganya hata kama picha iko sawa. Weka waya wa AUX. Kwenye RetroArch "Audio Latency" huja ikiwa 64, ishushe hadi 32; ikianza kukwaruza, pandisha kidogokidogo.

padi_tu:

Padi zako si mbovu. Windows ina njia mbili za kusoma padi: za bei nafuu nyingi zinaongea DirectInput ya zamani, gemu za miaka hii zinatafuta XInput. RetroArch inaelewa zote mbili, ndiyo maana kule zinafanya kazi.

Hakikisha kwanza Windows inaziona: Windows+R, andika joy.cpl, bonyeza vitufe vyote uone taa zikiwaka. Kisha Steam (ile programu ya kununulia na kufungulia gemu), Settings, Controller, washa Steam Input kwa padi za kawaida (zitatajwa kama "generic"). Steam itakuambia uonyeshe kila kitufe kiko wapi. Fanya kwa padi zote mbili, hata kama zimefanana. Gemu ikikaidi, bofya jina lake kwa kitufe cha kulia cha mausi, Properties, Controller, "Enable Steam Input". Kumbuka XInput ina nafasi nne tu, kwa hiyo padi zilizochomekwa bila kutumika zitoe.

Kwa gemu hizi wachezaji watumie msalaba (vitufe vinne vya mwelekeo), wasitumie mpini (kile kijiti cha kuzungusha). Kwenye Contra unalenga pande nane, na mpini ukiinama kidogo tu unapiga juu-kulia wakati adui yuko mbele yako.

retro_musoma:

Upande wa gemu za kununua. Kwa banda, kigezo cha kwanza ni watu wangapi wanacheza pamoja na kama mtu asiyeijua atafurahi ndani ya dakika kumi. Streets of Rage 4 (2020) iwe ya kwanza. Inachezwa na watu wanne kwenye skrini moja, na mashine yako inatosha. Waambie wateja wako jambo moja: pigo maalum linakula damu, lakini sehemu inayogeuka kijani unaweza kuirudisha ukipiga maadui kabla hawajakugusa. Asiyelijua hilo anaogopa kulitumia na anapigwa mpaka anachoka. Wahusika wa zamani wa pikseli wanafunguka kwa alama zinazojikusanya, kwa hiyo tumia akaunti ileile kila siku, usiifute. Kwenye setingi kuna pia muziki wa zamani wa gemu za kwanza, wakongwe wataupenda.

Ya pili Teenage Mutant Ninja Turtles: Shredder's Revenge (2022), hadi watu sita. Ya tatu Blazing Chrome (2019) ya JoyMasher wa Brazil, watu wawili, nyepesi sana, na kwangu ndiyo iliyokaribia zaidi Contra za enzi ya Mega Drive. Cuphead (2017) ni nzuri mno lakini ni ngumu. Mgeni atakufa kwa bosi mmoja nusu saa nzima na kudai hela yake. Shovel Knight inamfaa zaidi mtu akiwa kwake ametulia.

Sasa hizi zilizoundwa upya, usizinunue kwa jina tu. Wonder Boy: The Dragon's Trap ya 2017 ina gemu ya 1989 ileile chini yake, juu wamechora upya; unabonyeza kitufe kimoja picha inarudi ya zamani ukiwa katikati ya mruko, na mruko haubadiliki hata kidogo. Hiyo ndiyo kazi ya heshima. Crash Bandicoot N. Sane Trilogy (2017), kwa upande mwingine, ilijengwa upya kuanzia chini, na umbo linalotumika kupima mguso wa Crash lina mviringo kwa chini. Ukitua ukingoni mahali ambapo PS1 ingekushika, huku unateleza unaanguka, na mruko wenyewe unashuka haraka zaidi. Wanaoijua ile ya PS1 watalalamika padi ni mbovu, wakati padi ni nzima. Waambie warukie katikati ya jukwaa.

Contra: Operation Galuga (2024) ni ya kwanza ya 1987 iliyotengenezwa upya na WayForward. Ina namna mbili za kucheza: Story ni watu wawili, Arcade ni hadi wanne, kwa hiyo bandani fungua Arcade. Kuna uchaguzi wa kuwa na mistari ya damu au kufa kwa risasi moja kama zamani. Wape wageni ile ya damu. Imechorwa kwa 3D, si pikseli, hivyo bila kadi ya picha ishushe 720p.

Metal Slug: ukikuta ya 2 inakwenda polepole watu wakijaa kwenye skrini, hiyo si kompyuta yako. Ilikuwa hivyo tangu kwenye mashine yake. Metal Slug X ya 1999 ndiyo ya 2 iliyopangwa upya na uzito huo umeondolewa. Chukua X.

Na angalizo la mwisho kwa gemu za zamani: matoleo ya Ulaya yalikwenda Hz 50 (picha 50 kwa sekunde) badala ya 60. Mengi hayakurekebishwa, kwa hiyo mwendo unapungua kwa karibu asilimia 17 na muziki unaburuta. Contra ya NES ya Ulaya inaitwa Probotector na wanajeshi wamegeuzwa roboti. Ukiona roboti, ujue umeshika la Hz 50. Tafuta la Marekani au Japani.

banda_kirumba:

Asanteni sana wakuu. Mruko sasa unatii, na Streets of Rage 4 inaona padi zote. Zimebaki mbili: padi moja ukibonyeza kulia inatoa juu-kulia, na bado naiwaza Resident Evil 2.

padi_tu:

Ifungue, skrubu ziko nyuma, na moja hujificha chini ya stika. Chini ya msalaba kuna raba yenye vidoti vinne vyeusi, na kwenye bodi kuna migusano minne ya mkaa. Bodi ifute kwa pamba yenye spiriti kidogo, acha ikauke kabisa. Vile vidoti vya raba vifute kwa kitambaa kikavu tu. Ukivisugua mkaa unatoka na kitufe kinakufa. Kama bado inatoa juu-kulia, kata seloteipu nyembamba ufunike sehemu ndogo ya mgusano wa juu na wa chini pale kwenye bodi. Hapo pande hizo zitataka kubonyezwa sawasawa ndipo ziitike, na kidole kikigusa pembeni kwa bahati mbaya haitasoma. Usifunike mgusano mzima.

fundi_pasiansi:

Kuhusu Resident Evil 2 ya 2019: ilipotoka ilitaka angalau RAM GB 8, nafasi ya GB 26 na kadi ya picha ya kiwango cha GTX 760. Picha za ndani ya i5 yako (sehemu ya kuchora picha iliyomo kwenye prosesa) hazifiki hapo.

Kabla ya kununua kadi, ongeza kijiti cha pili cha RAM kinachofanana na ulichonacho, DDR3 1600. Picha za ndani zinakula RAM ileile ya kompyuta, na kijiti kimoja kinapitisha GB 12.8 kwa sekunde, viwili 25.6. Hiyo peke yake utaiona kwenye Galuga. Hakikisha kwa CPU-Z (programu ya kuonyesha vifaa vya kompyuta), kichupo cha Memory kiandike "Dual" (matoleo mapya huandika "2 x 64-bit"). Kikiandika "Single" umekosea sloti.

Kadi iwe fupi, "low profile", isiyotaka waya wa umeme wa ziada. GTX 1050 Ti fupi ndiyo ya kutafuta, ila nyingi zinachukua nafasi ya sloti mbili, kwa hiyo fungua kasha upime kabla ya kulipa. Ukiangukia GT 1030, soma stika: iwe GDDR5. Kuna ya DDR4 yenye jina lilelile na ni dhaifu sana. Kwa 1030 cheza 720p, setingi za chini.

Ukishaipakua, bofya jina lake kwa kitufe cha kulia, Properties, Betas, chagua "dx11_non-rt". Tangu apdeti ya 2022 toleo la kawaida ni zito zaidi. Hili linarudisha lile la mwanzo. Lakini ni gemu ya mtu mmoja na ina damu nyingi, kwa banda lenye watoto iweke jioni.

Jambo la leseni pia. Akaunti ya kawaida ya Steam ni ya matumizi binafsi. Kwa biashara wana mpango wa "PC Café", uusome kabla hujaanza kutoza.

nansio_online:

Niongeze la huku kwetu ziwani. Wale wadudu wadogo wanaotoka majini kama moshi wanafuata mwanga, na TV yako usiku ndiyo taa. Feni inawavuta ndani, wananasa kwenye mapezi ya kupozea pamoja na vumbi, joto linapanda, i5 inajipunguza kasi yenyewe, na gemu iliyokuwa ikienda 60 inaanza kwenda kama imelewa. Weka wavu dirishani na kasha liwe mezani, lisikae sakafuni. Ukipuliza vumbi, shikilia feni kwa kidole isizunguke.

Umeme nao: UPS ndogo ya 650VA inatosha kukupa dakika chache za kufunga vizuri. Na kwenye RetroArch nenda Settings, Saving, "SaveRAM Autosave Interval" uweke sekunde 10. Ikiwa imezimwa, kumbukumbu ya kaseti inaandikwa kwenye diski pale tu unapofunga gemu, kwa hiyo umeme ukikatika mteja anapoteza alichocheza chote. Baada ya kubadilisha, funga RetroArch kwa kawaida mara moja ili setingi yenyewe ihifadhiwe.