Pikipiki ndogo za zamani: yako ilimaliza spidi ngapi? Tupeane uzoefu

Mleta mada
Wakuu, heshima kwenu. Nina Honda C70, ile ya familia ya Cub, aliyoniachia marehemu baba. Injini ya cc 72, gia tatu, haina mkono wa klachi: unakanyaga gia kwa mguu wa kushoto na klachi inajiachia yenyewe. Ilikaa stoo miaka mingi, nimeifufua mwaka huu.

Jumapili alfajiri nikaitoa barabara ya Bagamoyo kabla malori hayajaamka. Nilipopita Bunju nikalala juu ya usukani, viwiko ndani, nikafungua mafuta yote. Mshale ukapanda taratibu, 60, 65, halafu ukagusa 75 ukawa unacheza huku na huku. Vioo vilikuwa vinatetemeka kiasi kwamba nyuma naona ukungu tu. Nilipofika nikaangalia simu iliyokuwa inapima mwendo kwa setilaiti: 66.

Nilihuzunika kidogo kwa zile tisa zilizopotea. Lakini wakuu, kwenye gari nikiwa 120 huwa najisikia nimekaa sebuleni. Kwenye ile Cub, kwa 66, nilisikia kila kokoto la lami, harufu ya majani mabichi, hata baridi ya bondeni ilivyobadilika ghafla. Naomba tupeane uzoefu: yako ilifika ngapi, na utamu uliuonea wapi?

Wa Gairo
Mkuu, mimi nilikuwa na CG125, ile yenye boksi la bati linalofunika cheni. Honda walianza kuitoa 1976, valvu zake zinasukumwa na fimbo, na injini za bodaboda nyingi za Kichina tunazoziona leo zimenakili ile ile. Ilikuwa ngumu ajabu.

Nakujibu swali lako: ilikuwa na spidi mbili. Kwenda Dodoma upepo unakupiga mgongoni, mshale unagusa 100 na injini imetulia kabisa. Kurudi jioni, upepo ule ule uko usoni, nakamua yote napata 80. Nikajifunza kulisubiri basi linipite, nikae kwenye kivuli chake cha upepo, umbali wa kutosha kuona breki zake. Dakika mbili tatu unapata nafuu, halafu linakuacha na ukuta wa upepo unakurudia kifuani. Tena kuna hesabu hapa wengi hawaijui: ukitaka kwenda mara mbili ya mwendo ulio nao, nguvu ya kupasua upepo ni mara nane. Ndiyo maana injini ndogo kutoka 40 hadi 60 unaona inapanda vizuri, kutoka 70 hadi 80 unaomba Mungu.

Mjomba wa Korogwe
Mimi Vespa 150. Spidi 85 kwenye tambarare ya Mombo, sikuwahi kuzidisha. Ila naomba niwasimulie ya mlimani, maana inaweza kumsaidia kijana mwenye injini ya kuchanganya oili na petroli.

Tulikuwa tunatoka Lushoto kushuka Mombo, mke wangu nyuma. Barabara ile mnaijua, kona juu ya kona, bonde kushoto, mwamba kulia. Nikafunga mafuta niteremke bure, gia ya tatu, nikiona naokoa petroli. Tulipoipita Soni nikasikia sauti imebadilika, kama mtu anayebana pumzi. Sekunde hiyo hiyo gurudumu la nyuma likakamata. Vidole vyangu vilikuwa vimepumzika juu ya klachi, sijui ni tabia au ni Mungu, nikaubana mkono wote, Vespa ikanyooka ikaendelea kuserereka kimya kimya mpaka ukingoni. Mke wangu hakujua lolote, akauliza mbona tumesimama.

Sababu ni hii: kwenye injini ile oili inaingia pamoja na petroli. Ukifunga mafuta kwenye mteremko mrefu huku injini inazunguka kwa kasi, unainyima petroli na unainyima oili. Pistoni inapata moto, inavimba, inakamata. Tangu siku hiyo nikiteremka nafungua mafuta kidogo kila baada ya muda, na vidole viwili haviondoki kwenye klachi. Tuliacha ipoe nusu saa tukala mahindi ya kuchoma, ikawaka kwa kiki ya tatu. Yale mahindi mke wangu anayasifia hadi leo.

Wa Unguja
Vespa ya marehemu babu, mjini hadi Makunduchi, 60 inatosha. Ukiingia msitu wa Jozani miti imefunika njia, kibaridi kinakupiga, mlio wa injini unakurudia kutoka kwenye miti pande zote mbili. Hapo hata ukinipa pikipiki kubwa siitaki.

Kijana wa Njombe
Nina Suzuki A100 niliyoinunua Tanga. Kule ilikuwa inafika 85 bila tabu. Nikaileta Njombe, 70 ikawa mwisho, moshi mweusi, plagi imejaa masizi. Niliamini nimeuziwa injini iliyokufa, nikataka kubadilisha ringi.

Mzee mmoja fundi akanizuia. Akaniambia hapa tuko karibu meta 2,000 juu ya usawa wa bahari, hewa imepungua karibu sehemu moja kwa tano, lakini kabureta inaendelea kumimina petroli ile ile ya Tanga. Akaniwekea jeti ndogo zaidi, kile kitundu cha kabureta kinachopitisha petroli. Moshi ukakata, ikafika 76. Zile nyingine akasema nizifuate baharini.

Mama mstaafu
Wanangu, mimi nilikuwa muuguzi huko Rukwa, na pikipiki yangu ya kazi ilikuwa Yamaha AG100, yenye keria mbele na nyuma. Nyuma nilifunga boksi la chanjo lenye barafu. Spidi yangu 40, kwenye mchanga 20. Sikuwahi kuitafuta ya juu kwa sababu ya lile boksi.

Raha yangu ilikuwa kurudi. Boksi tupu, jua linazama, njia kavu, nasimama kwenye vikanyagio nafungua hadi 60. Watoto walikuwa wanasikia mlio wanakimbilia njiani kunipungia, wale wale waliolia asubuhi kwa sindano.

Mpenzi wa mbio
Tusizidharau hata cc 50. Super Cub ya kwanza, 1958, ilikuwa na cc 49 na nguvu za farasi 4.5 tu. Miaka minne baadaye, 1962, kwenye mbio za pikipiki za kisiwa cha Isle of Man waliweka daraja la cc 50 kwa mara ya kwanza, na Ernst Degner akashinda kwa Suzuki. Ni maili zaidi ya 37 kwa mzunguko mmoja, milima ndani yake, kwa injini inayoingia kwenye begi la shule.

Fundi wa Msamvu
Mleta mada, usihuzunikie zile tisa. Mshale kusoma juu ni kawaida, na tairi la mbele likiisha linazunguka mara nyingi zaidi, unadanganyika zaidi. Kabla hujafikiria kuongeza jino kwenye spoketi ya mbele, sikiliza. Injini ndogo ikishindwa kuivuta ile spoketi, gia ya tatu inakuwa ya mteremko tu, na utakuwa umepoteza badala ya kupata.

Anza hivi. Simamisha kwenye stendi ya kati, weka nyutro, zungusha gurudumu la nyuma kwa kidole kimoja. Likisimama baada ya mzunguko mmoja, breki inabana au cheni imekazwa mno. Pima upepo wa matairi. Safisha chujio la hewa. Kama yako ni ya pointi, vile visahani vinavyokata umeme ili plagi itoe cheche, zitazame na zirekebishwe nafasi yake. Pikipiki kubwa inaficha kasoro hizi, ndogo inazitoa zote kwenye spidi.

Mleta mada
Wakuu, nimerudi na majibu. Fundi, Mungu akuzidishie. Gurudumu la nyuma halikumaliza hata nusu mzunguko. Nimefungua ngoma ya breki, springi moja imechoka, kiatu kimegusa muda wote huo. Nimebadilisha springi, nikalegeza cheni, nikajaza upepo. Barabara ile ile, alfajiri ile ile, simu imeandika 71. Mshale sikuuangalia.

Mama alinisikia narudi, akatoka mlangoni kabla sijazima. Anasema baba alikuwa akifika kwenye mwembe anaachia mafuta, anashuka gia ya pili, injini inaguna mara moja, na hapo ndipo yeye anabandika chai. Mimi nilikuwa nimefanya vile vile bila kujua, na sufuria ilikuwa jikoni.

Jumapili ijayo nakwenda hadi Bagamoyo kwenyewe. Nimeweka plagi ya akiba na springi ya pili kwenye kiboksi. Kama kuna mwenye Cub upande wa Mapinga, aniambie tukutane saa kumi na mbili asubuhi.