Naomba ushauri: betri ya kamera ya mkanda, nipo Mbeya

Habari zenu wakuu. Marehemu baba aliniachia Canonet QL17 aliyopigia picha za harusi na kipaimara huku Mbeya. Shata inafyatuka vizuri, lenzi haina ukungu. Kwenye tundu la betri palikuwa na kutu ya kijani. Nimeisugua kwa pamba na siki mpaka chuma kikang'aa.

Shida ni betri yenyewe. Ilitumia PX625 ya zebaki, volti 1.35, na hizo zimeachwa kutengenezwa kwa ajili ya sumu ya zebaki. Fundi saa wa Mwanjelwa alinipa LR44. Ni volti 1.5, tena ni ndogo, inacheza ndani, nikaizungushia foili. Kipima mwanga kikaamka, lakini kinadhani jua ni kali kuliko lilivyo, picha zinatoka giza. Mkanda mzima umeharibika, na mikanda yenyewe naagiza Dar. Imeniuma sana.

Nimesikia betri namba 675 za vifaa vya kusaidia kusikia zina karibu volti 1.4, ila ukishabandua stika yake haidumu muda mrefu. Nani anajua zinapouzwa Mbeya au hata Iringa? Au nitafute SR44, ile ya oksidi ya fedha, halafu nishushe ISO (namba ya wepesi wa mkanda kupokea mwanga) kwenye kamera ili kufidia volti iliyozidi? Kwa kiasi gani? Nataka Krismasi nimpige mama picha kwa kamera hii hii.