Ubia wa serikali na wawekezaji katika elimu: mtoto aliyekosa nafasi ni wa nani?

Wadau, mjadala wa ubia kati ya serikali na sekta binafsi katika shule za nchi zinazoendelea huwa unakwama palepale. Mmoja anasema watu binafsi wanafundisha vizuri, mwingine anajibu kwamba elimu ni haki, si bidhaa, tunatawanyika. Leo naomba tuangalie mikataba yenyewe, maana humo ndimo mtoto anamopata au anamokosa nafasi.

Tuanze na Liberia. Mwaka 2016 serikali ilikabidhi shule 93 za msingi za umma kwa waendeshaji 8, baadhi yao kampuni za biashara na wengine mashirika ya hisani. Majengo yalibaki ya serikali, walimu waliendelea kulipwa na serikali, na wazazi hawakutozwa ada. Shule ziliteuliwa kwa bahati nasibu, kwa hiyo ulinganisho na shule nyingine ulikuwa wa haki. Baada ya mwaka mmoja, wanafunzi wa shule hizo walikuwa wamejifunza takriban 60% zaidi ya wenzao. Matokeo hayo siyapingi, na anayeyapuuza kwa sababu hapendi wawekezaji hawatendei haki watoto wale waliojua kusoma mapema zaidi.

Ila tuulize yalipatikanaje. Shule hizo ziliongezewa walimu, wengi wao wahitimu wapya wa vyuo vya ualimu. Ziliongezewa pia fedha: dola 50 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, wakati serikali ilikuwa ikitumia kiasi kama hicho tu kwa mwanafunzi wa kawaida. Halafu kuna Bridge, mwendeshaji aliyepata shule nyingi kuliko wote, tena bila kushindanishwa. Mkataba wake ulimruhusu kuweka kikomo cha wanafunzi darasani na kuwakataa walimu asiowataka. Madarasa yaliyofurika yakapunguzwa, watoto wakaambiwa watafute shule nyingine, na walimu wengi waliokuwepo wakarudishwa mikononi mwa serikali. Shule ya jirani, ambayo haikuongezewa chochote, ndiyo iliyotakiwa kuwapokea. Hapo ndipo ninapogoma. Huwezi kujisifu kwa ufaulu wa waliobaki bila kuwahesabu uliowaondoa.

Najua hoja ya upande wa pili, na ina uzito: serikali imeshindwa, darasa lina watoto mia, mwalimu haonekani, sasa mzazi asubiri nini? Uganda ilipoanza elimu ya sekondari bila ada mwaka 2007, ililipia wanafunzi katika shule binafsi kwa sababu shule za umma hazikutosha, na vijana wengi walipata nafasi ambayo wasingeipata. Kwa hiyo sisemi ubia ni haramu. Lakini serikali hiyo hiyo ilianza kuusitisha mwaka 2018, na shule iliyozoea kuendeshwa kwa ruzuku ikabaki kutafuta ada kwa wazazi walewale waliokuwa hawana.

Chile ilianza kugawa ruzuku kwa kichwa cha mwanafunzi mwaka 1981, shule binafsi zikiwemo. Kwa miaka mingi shule zilizopokea fedha za umma ziliweza kuchagua wanafunzi na kuwatoza wazazi nyongeza. Sheria ya kukomesha faida, mchujo na nyongeza hizo, tena kwa awamu, ilipatikana mwaka 2015. Ni miaka 34! Kizazi kizima kilishamaliza shule.

Basi wanaounga mkono ubia wanijibu haya. Je, mko tayari mkataba useme kwamba anayepokea fedha ya umma anampokea kila mtoto wa eneo lake, na darasa likijaa yeye ndiye anaongeza darasa? Mkataba wote uwekwe wazi kabla ya kusainiwa, mzazi ausome? Na mwendeshaji akijitoa katikati ya mwaka, nani anamalizia muhula, kwa fedha ipi?