Nyumba ya zamani iliyoungana ukuta na jirani, Iringa mjini: ni ya enzi gani na plasta yake nifanyeje?

Mwana_Gangilonga:
Kamwene wadau. Familia yetu imenunua nyumba mjini kati, zile za mstari mmoja zimeshikana ukuta kwa ukuta, mbele duka lenye milango ya mbao ya pande mbili na kibaraza cha nguzo, nyuma vyumba halafu ua mrefu mwembamba wenye stoo na jiko. Wazee wa mtaani wanasema ni ya Mjerumani. Sasa fundi anataka tubandue plasta yote tupige saruji na tuvunje ukuta wa pembeni ya duka lipanuke, mimi roho inasita kabisa. Naomba msaada.

mzee_wa_boma:
Hongera mkuu, hiyo ni mali. Ila hilo la Mjerumani usilimeze haraka. Ukitaka kuona kazi yao nenda pale Boma, jengo la 1900, siku hizi ni makumbusho, angalia unene wa kuta na matao yake halafu urudi ulinganishe. Duka mbele na familia kuishi nyuma ni ujenzi wa wafanyabiashara wa Kihindi, na nyingi za namna hiyo zilijengwa wakati wa Mwingereza. Tazama ule ukuta unaopanda juu ya paa upande wa barabarani, wengi walikuwa wanachonga mwaka kwenye plasta. Hata kama umefunikwa na rangi tabaka kwa tabaka, simama asubuhi jua likipiga kwa ubavu, tarakimu zinajitokeza.

Dada_Kihesa:
Cheki na faili la ardhi. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yaliyozidi thamani ya shilingi 100,000, yakawa chini ya Msajili wa Majumba, baadaye Shirika la Nyumba la Taifa (NHC). Kama yako ilipitia huko makaratasi yatakuonyesha nani alikuwa mmiliki kabla. Inauma kwamba watu wanavunja hizi nyumba bila hata kupiga picha.

fundi_Uhindini_Mbeya:
Kaka simamisha hiyo kazi kwanza!! Chokonoa udongo wa kati ya matofali, tia kwenye glasi ya maji. Ukilainika maji yakawa tope basi matofali yameshikwa na udongo, na nyumba hizo nyingi hazina kizuizi cha unyevu kwenye msingi, maji yanapanda toka chini na lazima yapate pa kutokea. Ukipiga saruji unayafungia ndani, yanapanda juu zaidi, unaanza kuona chumvi nyeupe na rangi inavimba kama malengelenge, mwisho plasta inadondoka na vipande vya tofali. Tumia chokaa. Na huo ukuta wa pembeni ni wa kwako na jirani, boriti za paa lake zinaweza kuwa zimelala humo humo, usiuguse bila injinia na bila yeye kujua.

Mwana_Gangilonga:
Aisee glasi imekuwa tope tupu. Chokaa nachanganyaje?

fundi_Uhindini_Mbeya:
Chokaa moja mchanga mitatu, mchanga msafi wenye chembe kubwa kubwa, piga tabaka nyembamba na usikimbilie la pili. Upepo wa Iringa unakausha haraka kwa hiyo ning'iniza magunia mabichi mbele ya ukuta, yaloweshe kila siku. Na rangi isiwe ya mafuta, paka ya chokaa hiyo hiyo.

Dada_Kihesa:
Na milango msiiuze jamani, kuna watu wanapita wanainunua kwa bei ya kuni.