Mjadala: Wavuvi wa Urayasu waliiuza bahari kwa hiari, au waliuziwa kifo chake?

Mkaazi wa Chiba (mleta mada)

Wakuu, salaam. Jana kazini nimebishana na mzee mmoja wa Kijapani mpaka chai ikapoa. Naileta hoja hapa, maana najua humu kuna watu wa pwani, wa ujenzi na wa sheria.

Kwa wasioijua, Urayasu ni mji wa mkoa wa Chiba, ng'ambo tu ya mto kutoka Tokyo. Baada ya vita kuu ya pili ulikuwa mji mdogo wa wavuvi wenye eneo la kilomita za mraba 4.43. Watu walikuwa wakichokoa kombe kwenye matope maji yakipwa na wakipanda mwani ule wa kufungia wali. Walikuwa na vidau vyembamba vya mtu mmoja wakiviita *bekabune*. Usafiri ulikuwa wa shida, hata Wajapani wenyewe wakauita kisiwa cha nchi kavu. Leo eneo lake ni kilomita za mraba karibu 17, wakaazi ni kama 170,000, na Tokyo Disneyland, ule uwanja mkubwa wa burudani, ipo pale tangu tarehe 15 Aprili 1983. Robo tatu ya mji ni bahari iliyofukiwa.

Wavuvi waliachia sehemu ya haki zao za uvuvi 1962, na zote 1971. Yule mzee anasema: walikubali, wakalipwa fidia, mji ukatajirika, kesi imekwisha. Mimi nasema haijaisha hata kidogo. Nyinyi mnaonaje?

Mzee wa Kijiwe

Mimi nipo na huyo mzee wako. Hebu tuwe wakweli. Hao wavuvi, wangeulizwa kama wanataka watoto wao walale na mitego au wasome, wangejibu nini? Kimbunga Kitty kiliwapiga 1949 maji yakaingia majumbani. Ilipofika 1969 wakapata treni ya Tozai, mtu anafika katikati ya Tokyo kabla hajamaliza kusoma gazeti. Leo Urayasu ni miongoni mwa manispaa chache za Japani zisizopokea ruzuku ya kawaida ya serikali kuu, kwa sababu kodi zake zinatosha. Halafu tunakaa hapa kulilia kombe.

Binti Mwani

Mzee, shikamoo, ila hapo kwenye "kulilia kombe" umenigusa. Mama yangu amenisomesha kwa hayo matope unayoyadharau. Aliyezaliwa bara huona tope tu. Sisi tunaona ghala: huendi na mtaji, unakwenda na ndoo na mgongo wako, na maji yakijaa unarudi na chakula. Mtu akilifukia hilo ghala, hela ya fidia inaliwa mara moja na inaisha. Kombe hurudi kila bamvua.

Swali langu kwa mleta mada: walikubali wakiwa katika hali gani? Maana kuna "ndiyo" ya mtu aliyeshiba na "ndiyo" ya mtu aliyebanwa.

Mkaazi wa Chiba

Dada, hapo ndipo penyewe.

Mwaka 1958 kiwanda cha karatasi cha kampuni ya Honshu, kilichokuwa juu kidogo ya mto Edo, kilianza kutengeneza rojo la karatasi kwa njia mpya. Maji meusi yakateremka mtoni hadi kwenye mafungu ya Urayasu. Kombe wakafa, samaki wakaelea. Wavuvi wakalalamika, wakazungushwa. Tarehe 10 Juni mamia yao wakaenda Tokyo kulalamika, na walipopita kiwandani wakaingia kwa nguvu. Polisi wa kutuliza ghasia wakawashukia, wengi wakajeruhiwa, wengine wakakamatwa. Desemba ya mwaka uleule bunge likapitisha sheria mbili za kulinda maji ya mito na bahari dhidi ya uchafu wa viwanda, za kwanza za aina yake Japani.

Sasa hesabu miaka. 1958 bahari inatiwa sumu. 1960 inaundwa kampuni ya Oriental Land, lengo lake kufukia bahari ya Urayasu na kujenga nyumba, maduka na uwanja mkubwa wa burudani. 1962 wavuvi wanaachia sehemu ya kwanza. 1971 wanaachia yote. Mtu unamwagia maji shamba lake mpaka mihogo inaoza, kisha unamjia na kalamu: "Ndugu, hili shamba si limeshakufa? Tia sahihi hapa." Akitia, utaita hiari?

Wakili Uchwara

Mkuu, unaunganisha vitu viwili ambavyo havikufanywa na mtu mmoja. Kiwanda cha karatasi ni mwingine, waliofukia bahari ni wengine. Kisheria, mwenye shinikizo lazima awe ndiye mnufaika, au angalau ajue. Halafu bahari ya Tokyo ilikuwa inachafuka kutoka pande zote, si kiwanda kimoja: maji taka ya mji uliokuwa ukikua kwa kasi, viwanda vya upande wa pili wa ghuba. Hata bila kile kiwanda wangeachia tu.

Mkaazi wa Chiba

Nakubali kwamba si njama ya mtu mmoja, wala sijasema hivyo. Nasema ile hiari haikuwa hiari. Na ukiniambia bahari ilikuwa inachafuliwa na wote, unanisaidia mimi, mkuu, hunipingi.

Fundi Mchundo

Naona mnazungumza historia, mimi nizungumze udongo. Tetemeko la tarehe 11 Machi 2011, asilimia kama 85 ya eneo la Urayasu ardhi iligeuka uji. Mchanga uliojaa maji, ukitikiswa muda mrefu, chembe zinaachana, maji yanapanda, ardhi inakuwa kama togwa. Nyumba nzito zinainama. Vitu vyepesi vilivyozikwa, kama mabomba na chemba za maji taka, vinaelea kuja juu.

Lakini sikilizeni. Ndani ya Disneyland kwenyewe, hakuna la maana lililotokea. Kwa nini? Kabla ya kujenga walishindilia ardhi, walitoboa na kusukumia nguzo za mchanga uliobanwa. Maegesho yao ya magari, ambayo hayakushindiliwa vile, yalitapika matope. Uzio mmoja, ardhi ileile ya kufukia, matokeo mbalimbali. Kwa hiyo kosa si kufukia. Kosa ni kufukia na kuuza viwanja bila kushindilia. Msiitukane fani yetu.

Mkaazi wa Chiba

Fundi, heshima yako. Hilo la Disneyland ni kweli tupu, na ndilo linaloniuma zaidi: kumbe ujuzi ulikuwepo! Walifungua tena mwezi mmoja tu baadaye, tarehe 15 Aprili, huku mitaa ya jirani ndiyo kwanza inarudishiwa huduma ya maji taka. Familia zilikuwa zikipanga foleni kwenye vyoo vya plastiki barabarani.

Rafiki yangu mmoja alikuwa akikaa Nakamachi, yaani mji wa kati, sehemu iliyofukiwa awamu ya kwanza. Anasimulia kwamba tetemeko lilipokwisha walidhani wamepona. Dakika chache baadaye maji ya kijivu yakaanza kububujika kwenye ufa wa barabara, polepole, kama uji unaochemka. Chemba ya mtaani ikachomoza mpaka ikampita kiunoni. Nyumba haikuvunjika kioo hata kimoja, ila ukiweka chungwa mezani linajiendea. Anasema kichwa kiliwauma wiki nzima kwa kulala kwenye sakafu ya mteremko.

Manispaa yenyewe ilielemewa kiasi kwamba iligoma kuendesha uchaguzi wa baraza la mkoa Aprili ile. Manispaa, Japani, kugoma kuendesha uchaguzi! Anayewajua Wajapani atanielewa.

Na kule Motomachi, mji wa zamani wa wavuvi, ardhi haikugeuka uji kabisa, au kwa nadra sana. Bado vipo vipande vya ukuta wa zamani wa bahari, siku hizi viko katikati ya mji. Nilikwenda kusimama juu ya kimoja. Mkono mmoja una vichochoro vyembamba na nyumba zimebanana, mkono wa pili barabara pana, miti imepangwa mistari. Kule kubaya kwa macho ndiko kulikosimama.

Mzee wa Kijiwe

Binti, marahaba, tena neno lako la ndoo na mgongo limeniingia. Lakini mleta mada, hata wewe ungenunua upande wa barabara pana. Usitudanganye.

Mkaazi wa Chiba

Ningenunua, mzee. Wala sikatai. Na ningedhani ni ardhi, kwa sababu niliyeuziwa nisingeambiwa ni supu iliyoganda.

Wakili Uchwara

Kuna waliokwenda mahakamani. Wakaazi wa nyumba zilizouzwa 1981 walimshitaki muuzaji, kampuni kubwa ya majumba, wakidai hakushindilia ardhi. Mahakama ya Wilaya ya Tokyo ikawatupilia mbali 2014. Hoja ya hakimu kwa kifupi: kwa ujuzi wa wakati ule muuzaji hakuweza kutarajia madhara ya tetemeko la namna ile na la muda mrefu vile. Huo ndio msimamo wa sheria, upende usipende.

Fundi Mchundo

Na baada ya hapo suluhisho lilikuwepo. Unajenga kuta za udongo na saruji chini ya ardhi, zikikatizana kama wavu kuzunguka kila nyumba, mchanga unakosa pa kuchezea. Shida, kazi hii inafanywa mtaa mzima kwa pamoja, kwa hiyo wenye nyumba wote wakubali na kila mmoja achangie. Mzee wa miaka themanini anakwambia, mimi nimebakiza miaka mingapi? Jirani anasema hela sina. Mitaa ikajitoa mmoja baada ya mwingine. Nijuavyo, mpaka mwisho ulikamilika mtaa mmoja, nyumba 33.

Binti Mwani

Subirini kidogo. Wavuvi wote walipatikana wakakubali kuitoa bahari, lakini wenye nyumba hawakupatikana wakakubaliana kuiokoa nchi kavu? Basi kukubaliana ni rahisi pale tu anayetaka ni mkubwa.

Fundi Mchundo

Hapo dada umenikamata. Lakini hoja yangu ya kushindilia bado sijaisikia ikijibiwa. Kama wangeshindilia kila mahali, leo mngelalamika nini?

Mkaazi wa Chiba

Tungelalamikia mashimo.

Ule mchanga wa kufukia ulitoka wapi? Hawakuuleta kwa malori kutoka milimani. Sehemu kubwa waliuchimba palepale mbele, chini ya bahari, wakauvuta kwa pampu pamoja na maji na kuumwaga nyuma ya ukuta. Ndiyo maana ulikuwa mlaini, na ndiyo maana uligeuka uji. Ulikotoka pakabaki mashimo marefu, mbele ya Urayasu na mbele ya Makuhari, sehemu nyingine ya pwani ya Chiba. Maji ya humo hayazunguki. Uchafu unazama, unaoza, hewa ya oksijeni inaisha, inabaki ile gesi ya mayai viza.

Mwisho wa kiangazi upepo unageuka na kuvuma kutoka kaskazini-mashariki. (Kwetu tungeuita kaskazi na kutandaza tanga. Huku una sifa nyingine.) Unayasukuma maji ya juu kwenda nje ya ghuba, na yale ya shimoni yanapanda kuziba nafasi. Siku hiyo bahari inakuwa ya kijani-buluu yenye weupe wa maziwa, nzuri kupiga picha, na inanuka. Wajapani wanaita *aoshio*, maji ya buluu. Kombe hawana miguu ya kukimbia, wanafunguka midomo na kufa fungu zima.

Kwa hiyo, fundi, ungeshindilia mji wote ukawa mgumu kama jiwe, shimo lingebaki baharini. Mchanga uleule umetoa bili mbili: moja imelipwa na aliyenunua nyumba, ya pili inalipwa na mvuvi wa Funabashi, jirani, ambaye hakutia sahihi yoyote 1971. Baadhi ya mashimo yameanza kujazwa tena, lakini kujaza shimo la baharini si kama kufukia choo cha shimo.

Fundi Mchundo

Hayo mashimo sikuyajua. Nayaweka akilini. Ila kushindilia bado kulitakiwa.

Mkaazi wa Chiba

Kulitakiwa, ndiyo. Hapo hatubishani.

Mzee wa Kijiwe

Sasa kimebaki nini huko cha kugombania? Au ndiyo yameshapita?

Mkaazi wa Chiba

Kimebaki Sanbanze. Ni mafungu ya maji mafupi mbele ya Urayasu, Ichikawa na Funabashi, mabaki ya mwisho ya ile pwani. Mkoa ulitaka kufukia hekta 740, watu wakapiga kelele, ukashusha hadi 101. Gavana Domoto Akiko alipoingia 2001 akafuta mpango wote mwaka huohuo. Kwa hiyo usiniambie haikuwezekana kusema hapana. Iliwezekana, ila kwa kipande cha mwisho.

Na bado ubishi upo: wengine wanataka fungu liongezwe mchanga lirudi kama zamani, wavuvi wengine wanahofia mchanga mpya utaharibu hata hicho kidogo walichonacho. Mimi hapo sijajua nisimame wapi.

Binti Mwani

Unakwendaga?

Mkaazi wa Chiba

Msimu wa kuchokoa, ndiyo. Kule Funabashi unalipa kiingilio, unapewa wavu wako, familia zimejaa na reki ndogo za watoto. Kombe wengi wanaletwa kutoka kwingine na kumwagwa usiku ili watu wapate cha kuokota. Mwaka juzi nilikuwa karibu na bibi mmoja amechuchumaa, hana reki, anatumia vidole. Alikuwa akiokota na kuchagua, wengine anawarudisha. Nikamuuliza kwa nini anawatupa wakubwa. Akasema, "Hawa si wa hapa." Akanionyesha mistari ya ganda. Mimi nikaona kombe ni kombe.

Binti Mwani

Mama yangu angeiona hiyo tofauti.

Mkaazi wa Chiba

Najua. Jumapili maji yanakupwa saa tano asubuhi, nitakwenda tena. Mwenye swali la kumuuliza huyo bibi, akiwepo, aliweke hapa chini kabla ya Jumamosi.