Tupeane uzoefu: chumvi inayotoka na jasho kwenye mazoezi marefu ya juani

Wakuu habari zenu. Naanza na aibu yangu mwenyewe.

Februari mwaka jana nilikimbia kilomita 21 hapa Dar. Nilikuwa naamini dawa ya joto ni maji tu, basi kila meza ya maji nakunywa chupa nzima na nyingine naondoka nayo. Kufika kilomita ya 17 pete ya ndoa imebana, vidole vimevimba, kichwa kinagonga. Nilipomaliza nikatapika maji matupu. Muuguzi kwenye hema akaniuliza nimekunywa kiasi gani, nikajibu kwa kujisifu, "Kama lita nne hivi." Akaninyang'anya chupa iliyokuwa mkononi.

Hospitali kipimo cha sodiamu kikasoma 129, kawaida ni 135 hadi 145. Kumbe sikuwa nimekaukiwa hata kidogo. Nilijaa maji, chumvi ya kwenye damu ikazimuliwa kama chai iliyoongezwa maji. Nyumbani mke wangu akanionyesha fulana yangu nyeusi, mgongoni ina michirizi myeupe. Nilidhani vumbi. Nikagusisha ulimi: chumvi.

Nyie mnarudishaje?

PedaliZaPwani (Mombasa):
Pole sana ndugu yangu. Mimi huendesha baiskeli Mombasa mpaka Malindi, kama kilomita 120. Hutoka alfajiri, lakini ukipita Kilifi jua lishakuwa kali. Zamani nilitegemea madafu. Ni matamu, yana potasiamu nyingi, ila sodiamu ni kidogo, na jasho hutoa sodiamu zaidi. Sasa huchanganya mwenyewe: lita moja ya maji safi, sukari vijiko vya chai sita vya kusawazishwa, chumvi nusu kijiko cha chai, nakamulia ndimu.

Kosa langu: siku moja nilikuwa na haraka, nikachota chumvi kwa kijiko cha mezani. Nilifika Mtwapa tu, tumbo likaniendesha, vichaka vyote vya njiani nikavijua. Mama akanifunza jambo ambalo sasa silikosi: onja kwanza. Yakizidi chumvi ya machozi, mwaga.

MtuWaFamasia:
Mchanganyiko huo ni ndugu wa ORS ya pakiti, ile dawa ya unga wa chumvi na sukari ya kuchanganya na maji. Watu huuliza sukari ya nini, wakidhani ni ya ladha. Hapana. Kwenye utumbo mwembamba glukosi (ya kwenye sukari) na sodiamu (ya kwenye chumvi) huingia kwa mlango mmoja, wakiwa pamoja, na maji huwafuata. Ukitia chumvi bila sukari umepoteza nusu ya kazi. Ukizidisha sukari nayo huvuta maji kuyarudisha tumboni, ndiyo maana soda katikati ya mbio huwapa wengi kuhara.

Kisa cha mleta mada si cha ajabu. Boston, Marekani, mwaka 2002 watafiti walipima damu za wakimbiaji 488 wa marathoni, asilimia 13 sodiamu yao ilikuwa imeshuka chini ya kiwango. Waliokuwa hatarini zaidi ni walioongezeka uzito wakiwa njiani, na waliotumia zaidi ya saa nne. Yaani si wale wa mbele. Ni sisi wa nyuma, tunaopata muda wa kusimama kila meza.

Mawili tu niongeze. Msuli kukaza si lazima iwe chumvi, mara nyingi ni uchovu tu, umekimbia kuliko ulivyozoea. Na jamani acheni kumeza ibuprofeni, dawa ya maumivu, kabla ya mbio, figo zinakuwa na kazi ya kutosha. Mwenye presha au ugonjwa wa figo asianze habari za chumvi bila kumuona daktari.

MwanaWaMkokoteni (Kariakoo):
Mnatutisha bure. Baba yangu alisukuma mkokoteni miaka mingi, jua la saa saba, hajui pakiti wala nini. Saa nne supu ya utumbo na chapati, chumvi anaongeza mwenyewe, mchana ugali na dagaa. Mtu anakimbia dakika 40 jioni halafu ananunua kinywaji cha bluu cha wanamichezo!

MtuWaFamasia:
Mkuu hapo sikupingi. Chini ya saa moja maji yanatosha, mengine utayapata mezani. Na supu ya baba ilikuwa na kila kitu: maji, chumvi, na muda wa kukaa kivulini.

MzanzibariMaskati:
Huku Omani kiangazi nyuzi zinapita 40. Mwaka wa kwanza nilijitia kukimbia wiki ileile niliyofika, nikaona nyota mchana. Wenyeji wakaniambia subiri. Kweli, mwili huchukua kama siku 10 hadi 14 kulizoea joto: unatoka jasho mapema na jingi, lakini chumvi yake inapungua. Sasa nakimbia usiku, nikirudi nanywa labani (mtindi mwepesi) yenye chumvi kwa tende tatu. Sijabanwa na msuli tena.

Mleta mada:
Ahsanteni. Siku hizi nakunywa nikisikia kiu tu, na kwa mbio ndefu nabeba chupa moja ya ORS, moja ya maji. Halafu najipima kwa wale vijana wenye mizani barabarani. Jumamosi nimetoka na kilo 74.2, baada ya saa moja na nusu nimerudi na 72.6, na njiani nilikunywa nusu lita. Kwa hiyo jasho ni kama lita mbili na kidogo. Nikirudi mzito kuliko nilivyotoka, nitajua nimerudia ujinga wangu.

Kijana wa mizani alinitazama kwa huruma. "Kaka, kilo moja na nusu umeziacha wapi?"